Zoezi la Kuaminiana: Kuongozwa Ukiwa Umefumba Macho

Dzaleka imepokea wakimbizi tangu 1994. Wengi wetu tulikimbia vita. Na mwaka 2023 wengine walirudishwa kambini kutoka Lilongwe, wakaacha maduka yao. Hofu hubaki mwilini: mabega hukaza, pumzi huwa fupi, usingizi hauji. Jaribuni zoezi hili, watu 8 hadi 12.

1. Simameni kwa duara. Kila mmoja asikilize nyayo zake zinavyokanyaga ardhi, kisha avute pumzi polepole mara 5.

2. Tembeeni kama mliojitwika ndoo ya maji iliyojaa, bila kumwaga. Ni wapi mwili umekaza? Palegezeni.

3. Kaeni wawili wawili. Mmoja afumbe macho, mwenzake amshike kiwiko na kumwongoza dakika 2, kwa mwendo wa anayeongozwa. Kisha mbadilishane.

Angalizo: Mtu asilazimishwe kufumba macho wala kushikwa, kwani giza laweza kurudisha kumbukumbu mbaya. Anayetetemeka afumbue macho, aketi, ataje vitu 5 anavyoviona. Msimuulize yaliyompata. Asipotulia, msindikizeni kituo cha afya.

Aliyesema "hapana" akasikilizwa, naye amefanya zoezi la kuaminiana.