Vitambaa vya kroshia visipinde

Swali: Mama mkwe alinifumia vitambaa vya makochi kwa kroshia, vyeupe vyenye maua mekundu. Nilipovifua, rangi ilichuja na vikapinda. Nifueje?

Jibu: Dada, nyekundu ndiyo ya kuogopwa. Kabla ya kufua, lowesha ncha ya ua moja, kisha ligandamizie kitambaa cheupe. Kikishika rangi, fua kwa maji baridi, upesi, bila kuloweka, na usivirundike vikiwa vibichi. Jiki weka mbali kabisa; huchubua rangi na kudhoofisha uzi wa pamba.

Tumia sabuni laini ya maji, ukibonyeza kwa viganja. Usifikiche, usikamue kwa kusokota, wala usianike kwenye kamba: uzito wa maji huvuta matundu, na hapo ndipo kitambaa hupinda. Kiviringishe ndani ya taulo linywe maji. Halafu kitandaze kivulini juu ya taulo kavu, ukivute kwa vidole hadi umbo lirudi, na ubane kingo kwa pini zisizoshika kutu. Ukitaka kisimame, kichovye kwanza kwenye uji mwepesi wa wanga.

Pasi ya moto ni ya uzi wa pamba tu, upande wa nyuma. Uzi wa akriliki ukishalegezwa na joto haurudi tena.