SOMO LA UFUNDI: KUFUNGA WAYA MPYA WA SPIDI KATIKA LAND ROVER YA ZAMANI

Katika vijiji vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega bado zipo Land Rover za zamani zinazofanya kazi. Zinabeba pamba, wagonjwa, mahindi na watu waendao mnadani. Nyingi ni za Series II na Series III, zilizotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1958 na 1985. Leo tutajifunza jambo moja dogo katika gari hizo: kubadilisha waya wa spidi.

Utasema, "Mshale wa spidi una faida gani? Gari si linakwenda tu!" Basi, tuchukue mfano.

Tuseme kikundi cha wakulima kina Land Rover moja. Dereva amekwenda Lamadi na kurudi mara 3. Amenunua lita 60 za mafuta. Mkutanoni wanachama wanasema, "Kijana, lita 40 zingetosha. Hizi 20 umeziuza!" Dereva anaapa kwamba hakuiba. Lakini spidomita imekufa tangu mwaka jana. Hana namba za kuonyesha.

Sasa tupige hesabu. Toka Bariadi hadi Lamadi ni karibu kilomita 70. Kwenda na kurudi ni 140. Mara 3 ni 420. Kama gari hilo linakwenda kilomita 7 kwa lita moja, 420 gawanya kwa 7 ni 60. Dereva hakuiba. Angeonyesha namba za spidomita, heshima yake isingepotea na kikundi kisingegombana.

Faida ya pili ni uhai. Zamani mashimo ya barabara yalimzuia dereva kukimbia. Sasa lami inapita kati ya Bariadi na Lamadi, na gari linateleza. Palipo na makazi ya watu, sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Gari lenye mwendo wa 50 hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Lenye mwendo wa 80 hupita mita 22. Mtoto anayevuka kwenda shule hana nafasi ya kungoja dereva akisie.

SPIDOMITA INAFANYAJE KAZI?

Spidomita ya namna hii ilisajiliwa na Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902. Ndani ya mpira au bomba laini kuna waya wa chuma uliosokotwa. Ncha zake ni za pembe nne. Ncha ya chini huzungushwa na giaboksi. Ncha ya juu huzungusha sumaku ndani ya spidomita. Sumaku huvuta kikombe chepesi chenye mshale, na springi ndogo hukirudisha. Gari likikimbia, sumaku huzunguka haraka na mshale hupanda. Waya huo huo huzungusha namba za kilomita.

KWANZA TAFUTA UGONJWA

1. Mshale haupandi na namba haziendi: mara nyingi waya umekatika au umechomoka.
2. Mshale unarukaruka, au kuna sauti ya kulia kama panya: waya umekauka au umepinda.
3. Namba zinakwenda lakini mshale umelala: waya ni mzima. Ubovu umo ndani ya spidomita. Usinunue waya bure.

VIFAA

Tafuta bisibisi, spana, grisi kidogo, kitambaa safi na waya mpya. Nenda dukani na waya wa zamani. Ulaze sawa na ule mpya, ulinganishe urefu na ncha zote mbili.

HATUA ZA KAZI

1. Simamisha gari mahali tambarare na uzime injini. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Angalia sana hapa: breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, hushika propela nyuma ya giaboksi. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, gari laweza kutembea ingawa breki imevutwa. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Fungua waya wa betri ulioungwa na bodi, ili usipige shoti nyuma ya dashibodi.

3. Fungua skrubu za paneli ya saa. Katika Series II paneli iko katikati ya dashibodi. Katika Series III iko mbele ya dereva. Ivute polepole, ufungue waya wa spidi nyuma yake.

4. Ingia chini. Utaiona ncha ya pili nyuma ya giaboksi ndogo, karibu na ngoma ya breki ya mkono. Futa matope kwanza, yasiingie ndani. Fungua kishikio chake.

5. Kabla ya kutoa waya wa zamani, tazama njia unayopita na vibanio vyake. Kumbuka njia hiyo.

6. Shika waya mpya, zungusha ncha moja kwa vidole. Ncha ya pili izunguke vizuri bila kuruka.

7. Kama waya wa ndani unatoka, upake grisi nyembamba. Acha kama sentimita 20 za juu bila grisi. Grisi nyingi hupanda na kuharibu spidomita.

8. Pitisha waya mpya katika njia ile ile. Usiukunje kwa nguvu, kona ziwe pana. Usiguse bomba la moshi wala propela. Bana vibanio vyote.

9. Ingiza ncha za pembe nne katika matundu yake. Zikikataa, zungusha kidogo kwa vidole. Usilazimishe kwa nati, utavunja ncha.

10. Rudisha paneli na waya wa betri. Toa mawe.

KUJARIBU

Endesha polepole. Mshale upande taratibu bila kurukaruka. Kisha tafuta vibao vya kilomita kando ya barabara, na mwenzako ashike saa. Ukitumia sekunde 60 kati ya vibao viwili, mwendo ni kilomita 60 kwa saa. Sekunde 72 ni kilomita 50. Angalia pia: Land Rover nyingine huonyesha maili. Maili 30 ni karibu kilomita 48.

Na wenye pikipiki msijione mmesahauliwa. Pikipiki nyingi zina waya wa namna hii hii, unaotoka gurudumu la mbele. Somo ni lile lile.

Ukishamaliza, chukua daftari. Andika tarehe, namba za kilomita na lita za mafuta kila safari. Kalamu uliyojifunza kuishika ndiyo shahidi wako mkutanoni.

MASWALI

1. Kwa nini tunaweka mawe kwenye magurudumu?
2. Namba zinakwenda lakini mshale umelala. Je, ununue waya?
3. Gari limekwenda kilomita 280, na hutumia lita 1 kwa kilomita 7. Limetumia lita ngapi?
4. Jadilianeni: nani katika kikundi chenu atunze daftari la gari?