SOMO LETU: KAZI INAPOVUKA BAHARI, NANI ANAPATA NA NANI ANAKOSA?



Katika vikundi vya kisomo tunaulizwa swali hili mara kwa mara. Mzazi anasema: "Kijana wangu yuko mjini, ananiambia anafanya kazi ya Wamarekani. Mbona hajapanda ndege hata siku moja? Hiyo ni kazi gani?" Swali hili ni la maana. Wapo wazazi wanaouza ng'ombe ili mtoto akasome kompyuta apate kazi ya namna hiyo. Basi leo tujifunze habari zake, ili tukiamua tuamue kwa kuelewa.

1. Kazi inasafirije?

Sote tunajua jinsi mazao yanavyosafiri. Pamba yetu hupakiwa melini ikaenda kufumwa nguo nchi za nje. Lakini kazi ya huduma ni tofauti. Kinyozi aliyeko Mumbai hawezi kumnyoa mtu aliyeko Urambo. Lazima wawe mahali pamoja.

Hata hivyo, zipo huduma ambazo ni maneno na maandishi matupu. Kumjibu mteja wa benki anayeuliza salio lake, kuandika hesabu za duka, kunakili taarifa za hospitali: kazi hizi hazihitaji watu wakutane. Zinahitaji simu, kompyuta na waya wa kupitisha habari. Hapa kwetu Afrika Mashariki waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari, unaoitwa mkongo, ulianza kazi Julai 2009. Ulifika Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo habari nyingi zilipitia setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa sana.

Basi tajiri wa Ulaya au Marekani akapiga hesabu. Kwa nini amlipe mtu wa kwao mshahara mkubwa, na hali yuko mtu wa mbali anayeweza kazi ile ile kwa mshahara mdogo? Huko ndiko kupeleka kazi nje.

2. Kazi zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwanza kwa wingi India, hasa tangu miaka ya 1990. Halafu zikaenda Ufilipino. Kwa nini nchi hizo? India ilitawaliwa na Waingereza mpaka 1947, na Ufilipino ilitawaliwa na Wamarekani tangu 1898 mpaka 1946. Kiingereza kikabaki shuleni na maofisini. Leo Ufilipino ina watu zaidi ya milioni moja na nusu wanaofanya kazi hizi za nje.

3. Nani anapata?

Wa kwanza ni mwenye kampuni. Gharama zake zimepungua na faida imeongezeka.

Wa pili ni kijana wa Manila au Bangalore. Mara nyingi mshahara wake ni mkubwa kuliko ambao angepata katika kazi nyingine za mjini kwao. Anapangisha chumba, anasomesha wadogo zake, anatuma fedha nyumbani. Hili ni jambo la kweli, tusilidharau.

Wa tatu ni nchi yenyewe. Inapata fedha za kigeni. Na wenye nyumba, mama lishe na wenye magari ya abiria nao wanapata riziki.

4. Nani anakosa?

Wa kwanza ni mfanyakazi wa kule kazi ilikotoka. Mwezi Oktoba 2003 benki ya HSBC ilitangaza kwamba kazi 4,000 za Uingereza zitahamishiwa Asia. Vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele. Tufikirie mama aliyepokea simu za benki kwa miaka mingi. Kazi aliyoijua imeondoka, na mjini kwake pengine hakuna nyingine inayofanana nayo.

Wa pili, msishangae, ni yule yule kijana aliyepata. Kwa miezi mingi ya mwaka, ikiwa New York ni saa 4 asubuhi, Manila ni saa 4 usiku. Mteja wa Marekani anapiga simu mchana wake, kwa hiyo kijana anakesha. Analala mchana watoto wakicheza na redio zikilia. Mwili wa binadamu haukuumbwa hivyo.

Tena, kazi iliyokuja kwa waya huondoka kwa waya. Mwaka 2011 benki ya Santander ilirudisha Uingereza kazi za simu zilizokuwa India, kwa sababu wateja walilalamika. Siku hizi kuna na mashine zinazojibu maswali zenyewe. Februari 2024 kampuni ya Klarna ya Uswidi ilisema mashine yake inafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkuu wa kampuni hiyo akasema wanataka tena watu wa kuhudumia wateja. Leo hutakiwi, kesho unatakiwa. Nani atapanga maisha yake hivyo?

5. Hesabu kutoka Nairobi

Sasa tuje kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2021 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilifanya mkataba na kampuni ya Sama, yenye ofisi Nairobi. Vijana walisoma maandishi ya ukatili na uchafu na kuyapanga mafungu, ili mashine ijifunze kuyakataa. Gazeti la Time la Marekani liliandika Januari 2023 kwamba mkataba ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa, na kijana alibaki mkononi na dola 1.32 mpaka 2 kwa saa.

Chukueni kalamu. Tutumie kiasi cha juu, dola 2:

12.50 – 2.00 = 10.50

Maana yake, katika kila dola moja iliyotoka Marekani, msomaji wa maandishi yale alipata senti 16. Kampuni ilieleza kwamba fedha hizo zilibeba pia gharama za ofisi na mishahara ya wakaguzi na viongozi wa timu. Ni kweli, ofisi hailipiwi kwa hewa. Lakini swali linabaki: nani alikaa mezani siku ya kugawana? Kijana hakuwepo.

Wengine jijini humo walikuwa wakikagua picha na maneno mabaya yanayowekwa Facebook. Walisema kazi hiyo iliwaumiza akili. Mwaka 2023 wengi wao walipoteza kazi, wakaenda mahakamani. Kampuni ya Meta, mwenye Facebook, ilidai haiwezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema inaweza. Vijana hao hawakufika hapo mmoja mmoja. Walikwenda pamoja. Umoja ni nguvu.

6. Tujifunze nini?

Mwingereza aliyekosa kazi siyo adui wa kijana wa Nairobi. Kinachouzwa hapa ni tofauti ya mishahara yao wawili, na faida ya tofauti hiyo anaichukua zaidi mwenye kampuni. Mfanyakazi hupata fungu la haki pale tu anapojua hesabu na anaposimama na wenzake.

Kwa hiyo hatusemi vijana wasiende. Tunasema waende macho wazi. Kabla kijana hajatia sahihi, akae na mkubwa mmoja anayejua kusoma, wausome mkataba wote. Kama umeandikwa Kiingereza, waombe kuelezwa kila kifungu. Watafute majibu haya:

– Mwajiri ni nani, na ofisi yake iko wapi?
– Mshahara ni kiasi gani baada ya makato?
– Zamu za usiku ni ngapi, na usafiri wa usiku unalipwa na nani?
– Akiugua mwili au akili, nani atamtibu?
– Mkataba ni wa muda gani, na kazi ikiondoka atalipwa nini?
– Je, anaruhusiwa kujiunga na chama cha wafanyakazi?

Nakala moja ya mkataba aitunze mwenyewe. Kila mwezi aandike saa alizofanya na fedha alizopokea. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho pia ni mali.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Tajeni huduma tatu za kijijini ambazo haziwezi kupelekwa nje, na tatu ambazo zinaweza. Tofauti yake ni nini?
2. Kijana analipwa dola 1.50 kwa saa. Akifanya saa 8 kwa siku, siku 22, atapata dola ngapi?
3. Mtu anaweza kupata na kukosa katika kazi ile ile. Toeni mfano wa Manila, halafu mfano wa hapa kwenu.
4. Mtoto wenu ameletewa mkataba leo jioni. Mtamwuliza nini kwanza, na kwa nini?