Dondoo muhimu: Maji kwenye dizeli

Ukilaza gari ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, usiliache na tangi nusu. Baridi ya usiku hugeuza unyevu wa hewa iliyomo kuwa matone, nayo huzama chini ya dizeli. Jaza Karatu jioni kabla ya kupanda.

Taa ya filta ikiwaka, simama, zima injini. Kinga chombo, legeza koki ya chini ya filta, kisha bonyeza pampu ya mkono mpaka itoke dizeli safi. Mimina ulichokinga kwenye chupa angavu, usubiri: maji yatakaa chini. Yakiwa mengi, tangi lenyewe limwagwe. Tafadhali usilazimishe injini, nozeli ni ghali mno.

Kwa wenye pampu za kumwagilia vitunguu Mang'ola: dumu la dizeli lifunikwe, litulie usiku kucha, na mafuta ya chini kabisa yasimiminwe.

Lori la mafuta likiwa linashusha kituoni, ngoja kwanza. Uchafu wa chini ya tangi la kituo umetibuliwa.