UFIZI WENYE KUTOKA DAMU: KUSAFISHA KWANZA, DAWA NYUMA



Jino lililooza linamliza mtu usiku. Lakini ufizi mgonjwa unakaa kimya miaka mingi, kisha siku moja jino zima linatikisika, hata halina tundu. Ndiyo sababu tunauandikia somo.

1. Ugonjwa unaanza namna gani?
Kila siku utando wa mikrobe unashika meno. Usipoondolewa kwa muswaki, unakuwa mgumu kama jiwe. Ufizi unavimba na kutoka damu. Hapa kungali nafasi: ukisugua vizuri, unapona. Ukizembea, ufizi unaachana na jino na kunatokea mfuko kati yao. Kwa mtu mwenye afya, nafasi hiyo haipiti milimetre 3. Ikifika 5 ao 6, muswaki haufiki chini, na mfupa unaoshika jino unaliwa. Ukiisha kuliwa, haurudi wenyewe.

2. Kazi ya munganga wa meno
Anapima mfuko kwa kijiti cha chuma chenye alama, anakwangua yale mawe mpaka kwenye mizizi. Hii ndiyo dawa ya kwanza, na wengi wanapata nafuu kwayo peke yake. Pale mfuko unapobaki mrefu, anaweza kutia antibiotiki ndani ya mfuko wenyewe. Katika 1979 J. Max Goodson na wenzake, huko Boston, Marekani, walionyesha njia hii kwa tetrasikline. Nyuma yake zikaja jeli ya doksisikline na unga wa minosikline. Faida ni hii: dawa nyingi inakaa pale pa ugonjwa, kidogo tu inaingia damuni. Lakini tusidanganyane: mfuko unapungua kwa nyongeza ndogo, kwa wastani haifiki milimetre moja. Na bila kukwangua haifai, sababu mikrobe wanajificha ndani ya utando kama askari nyuma ya ukuta. Kidole kimoja hakivunji chawa.

3. Na kapsuli ya soko?
Mu interna tunasikia: "Fungua kapsuli, mwanga unga ku ufizi, itapona." Hapana! Unga ule haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Mate yanaufagia upesi, chini ya mfuko haufiki, na jiwe linabaki palepale. Feza imepotea. Tena mikrobe wanaobaki wanazoea dawa, na siku ya ugonjwa wa mapafu dawa ile ile inaweza kushindwa.

4. Tufanye nini?
Tusugue meno mara mbili kwa siku, kwa muswaki laini ao kijiti kilichotafunwa vizuri. Tusiruke pale panapotoka damu. Ndipo panapohitaji zaidi. Tuache tumbako. Damu ikiendelea wiki mbili, twende tuonyeshe kwa munganga, tusingoje jino litikisike.

Maulizo
a) Kwa nini jino lisilooza linaweza kuanguka?
b) Kwa nini kukwangua kunatangulia antibiotiki?
c) Utamjibu nini mwenzako mwenye kapsuli mkononi?