Kitabu cha Utumwa na Waraka kwa Filemoni

Safari hii tumesoma Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela wa Freretown, Mombasa, kilichochapwa mwaka 1934. Baba yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Mbotela awasifu mno Waingereza, na hapo hatukukubaliana naye kwa yote. Lakini tulisoma kwa uchungu, maana misafara ya mateka ilipita huku kwetu Ruvuma, ikashuka pwani Mikindani na Kilwa. Na waliowakamata mara nyingi walikuwa majirani zao, weusi kama wao.

Mwaka 1876 Askofu Steere alileta kutoka Unguja watu waliowekwa huru, wakakaa Masasi. Basi yawezekana leo mzao wa aliyeuzwa na mzao wa aliyeuza wanakinywea kikombe kimoja altareni, wala hatuyataji hayo.

Ndipo tukafungua Waraka kwa Filemoni. Paulo amrudisha Onesimo, si mtumwa tena bali ndugu. Filemoni alijibu nini? Haikuandikwa. Waraka ni sura moja tu; usomeni nyumbani, kisha waulizeni wazee, kwa adabu: sisi tulikuwa upande upi?