Kura Nyingi, Viti Vichache: Somo la Unguja na Pemba

Mwezi wa Septemba mwaka 1958 ulifanyika hapa kwetu Mwanza mkutano ambao vijana wa leo hawausikii ukitajwa. Wajumbe walitoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Tanganyika na Zanzibar, wakaunda umoja wa vyama vilivyopigania uhuru katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, ulioitwa kwa kifupi PAFMECA. Miongoni mwao walikuwamo wajumbe wa Afro-Shirazi na wa chama cha Hizbu, wakiketi katika mkutano mmoja. Jambo hilo si dogo, kwa maana kwao visiwani watu wa vyama hivyo viwili walikuwa wamekwisha kuacha kununua katika duka moja, kupanda basi moja, na hata kuzikana. Waliombwa wapatane. Kabla ya mwaka kwisha ikaundwa kamati ya pamoja ya uhuru, na kwa muda ugomvi ukatulia. Kisha kamati ikafa.

Twaeleza habari hiyo kwa sababu mara kwa mara twawasikia watu wa Bara wakisema: visiwa vile ni vidogo, dini yao karibu wote ni moja, lugha yao ni moja, tena sisi sote twaifuata kwa usanifu wake, basi wagombania nini kila uchaguzi? Swali hilo lastahili kujibiwa na kila mzazi ambaye mtoto wake aweza kuliuliza mezani. Nasi twaona kwamba jibu moja kubwa, ambalo halisemwi vya kutosha, limo katika hesabu.

Yafaa kwanza tukumbuke uchaguzi wetu wenyewe. Mwezi wa Agosti 1960 Tanganyika ilichagua wabunge 71. TANU ilipata viti 70, na katika viti 58 hapakuwa na mshindani hata mmoja. Mtu wa Ukerewe au wa Misungwi hakulala macho akingoja kujua nani ameshinda. Aliyezoea uchaguzi wa namna hiyo hawezi kwa urahisi kufahamu uchaguzi ambamo nchi imepasuka nusu kwa nusu, na ndugu wawili wa tumbo moja wanajua kwamba kura ya mmoja yaweza kuangusha serikali ya mwingine.

Zanzibar ya wakati ule ilikuwa na watu karibu 300,000. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, kwa viti sita tu vya Baraza la Kutunga Sheria, na wanawake hawakupiga kura. Hizbu haikupata hata kiti kimoja. Huko Ng'ambo, Abeid Karume alimshinda Ali Muhsin, kiongozi mashuhuri wa Hizbu. Hapo ndipo chuki ilipoingia nyumbani. Wenye mashamba waliwafukuza wakulima waliokuwa wakikaa katika ardhi yao kwa kuwa hawakukipigia kura chama chao. Wafuasi wa Afro-Shirazi nao wakagoma kununua katika maduka ya Waarabu. Lakini msomaji asidhani ya kuwa vyama vilikuwa ni rangi mbili tu za watu, Waarabu huku na Waafrika kule. La hasha! Maelfu ya Washirazi, hasa wa Pemba, walikifuata Hizbu, na wengine walikiunda Desemba 1959 chama cha tatu, yaani ZPPP, kilichoongozwa na Muhammad Shamte.

Uchaguzi wa pili ulikuja Januari 1961, viti 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake walikitwaa Afro-Shirazi kwa kura moja tu. Tafakarini: kura moja! Wajumbe watatu wa ZPPP nao wakagawanyika, wawili wakaenda upande wa Hizbu, mmoja upande wa Afro-Shirazi. Basi ikawa 11 kwa 11, wala hapakuwa na serikali ambayo ingeweza kusimama. Kikaongezwa kiti kimoja huko Pemba, wakarudi tena kupiga kura mwezi wa Juni mwaka ule ule.

Safari hii Hizbu na ZPPP walifanya mapatano. Afro-Shirazi wakapata karibu nusu kamili ya kura zote, nyingi kidogo kuliko za wapinzani wao wawili zikijumlishwa pamoja. Lakini viti vikawa 10 kwa 13. Siku yenyewe ya kura, tarehe 1 Juni, fujo zilianza mjini zikaenea mashambani. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu, na miongoni mwao walikuwamo watu wadogo wa mashambani wasiokuwa na utajiri wala cheo.

Julai 1963 ndipo somo letu lilipokamilika. Sasa kila mtu mzima, mume kwa mke, alikuwa na haki ya kura, na viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi walipata kura zaidi ya 87,000, yaani 54 kwa kila mia. Wakapewa viti 13. Hizbu wakapata 12 na ZPPP 6, jumla 18, nao wakaunda serikali iliyoongozwa na Muhammad Shamte.

Huenda msomaji atauliza, yawezekanaje wengi washindwe? Na tutoe mfano wa kubuni tu, kwa mitaa ya hapa Nyamagana. Tuseme Butimba, Mkuyuni na Igogo ni majimbo matatu, kila moja lina wapiga kura 1,000, na vyama ni viwili. Chama cha kwanza chapata Butimba kura 900, na mwenzake 100. Mkuyuni cha kwanza chapata 450, cha pili 550. Na Igogo vivyo hivyo. Jumlisheni. Chama cha kwanza kina kura 1,800, cha pili kina 1,200. Lakini cha kwanza kimepata kiti kimoja, na cha pili viwili. Hakuna aliyeiba. Zile kura mia nne zilizozidi kule Butimba zimemwagika chini kama maji ya mtungi uliokwisha kujaa.

Ndivyo ilivyokuwa visiwani. Afro-Shirazi walikuwa na wingi mkubwa mno katika majimbo yao ya Unguja, wakati wapinzani wao walishinda majimbo mengi kwa wingi mdogo, tena hawakupingana wao kwa wao. Afro-Shirazi walilalamika kwamba mipaka ya majimbo ilichorwa ili kuwaonea. Iwe hivyo au isiwe hivyo, ukweli ni kwamba hata pasipo hila yo yote utaratibu ule, uliotoka Uingereza, waweza kuzaa matokeo hayo. Katika nchi ambayo watu wake huhama chama kama mtu abadilivyo shati, walioshindwa husubiri zamu ijayo. Lakini mahali ambapo chama ni ukoo, ni shamba, ni kaburi la babu, aliyeshindwa haoni zamu yo yote mbele yake. Kwake yeye kushindwa leo ni kushindwa daima. Na akijua kwamba kura zake zilikuwa nyingi kuliko za aliyemshinda, nani atamtuliza moyo?

Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963. Serikali ile ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964, yaani baada ya siku 33. Watu wengi waliuawa, hasa wenye asili ya Kiarabu. Hatusemi kwamba hesabu ya viti peke yake ndiyo iliyoyaleta mapinduzi. Palikuwa na mambo ya ardhi, ya kumbukumbu ya utumwa, na ya askari polisi wa asili ya Bara walioachishwa kazi. Wala hesabu yo yote haihalalishi damu ya mtu asiye na hatia. Lakini serikali iliyowekwa na wachache ilikuwa na watetezi wachache usiku ule.

Baada ya hapo wananchi wa visiwa hawakupata uchaguzi wa vyama vingi mpaka 1995. Yaonekana ufa haukuwa umezibika. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kuwa mshindi kwa 50.2 kwa mia, na Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Mwezi wa Januari 2001, baada ya uchaguzi uliobishaniwa wa mwaka 2000, waandamanaji waliuawa, na watu wa Pemba wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya, kwa mashua. Watanzania kuwa wakimbizi! Twakiri kwamba sisi wa Kanda ya Ziwa, tuliozoea kuwapokea wakimbizi wa nchi nyingine, habari ile ilituaibisha.

Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni kama wataka serikali ya umoja wa kitaifa, ambamo chama cha pili hupewa Makamu wa Kwanza wa Rais, na wizara hugawanywa kwa kadiri ya viti. Watu 66 katika kila mia walikubali. Miezi mitatu baadaye Ali Mohamed Shein alishinda kwa 50.1 dhidi ya 49.1 za Seif. Karibu nusu kwa nusu, kama zamani. Lakini safari hii Seif aliyakubali matokeo, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza.

Dawa hiyo haikuponya yote. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa kabla ya matokeo yote kutangazwa, ule wa marudio wa Machi 2016 CUF waliususia, na kwa miaka minne nafasi ya chama cha pili ikabaki tupu. Uchaguzi wa 2020 nao ulikuwa na vifo na malalamiko mengi. Hata hivyo Desemba ya mwaka ule Seif, akiwa sasa katika ACT-Wazalendo, alirudi serikalini chini ya Rais Hussein Mwinyi. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, na kiti chake akapewa Othman Masoud Othman, wa chama kile kile.